Mbwa Mkubwa Aliyetelekezwa: Mwongozo Kamili wa Kumponya na Kumtafutia Nyumba, Arusha na Moshi

Mbwa mkubwa aliyetelekezwa, huku Njiro, Ilboru, Shanty Town au Rau, mara nyingi hatoki barabarani. Anatoka nyuma ya geti zuri. Alinunuliwa akiwa mtoto ili alinde, akajengewa banda la mita mbili kwa mbili, akawa anafungiwa mchana na kufunguliwa usiku. Kisha mwenye nyumba akahamia Dar, mlinzi akabadilishwa, na sufuria la ugali likawa linafika leo na kuruka kesho. Anayetolewa hapo ana mbavu za kuhesabika, viwiko vilivyochubuka kwa saruji, kucha zilizojikunja, na hajui kamba ya kutembezwa ni kitu gani.

Mfano tutakaoutumia ni dume chotara wa Boerboel, aina ya mbwa wakubwa wa ulinzi, mwenye kilo 28, ambaye umbo lake linadai kilo 45. Kazi yake, ikienda vizuri, ni ya miezi mitatu hadi sita. Kama huna chumba au uwanja wa kumtenga, kama nyumbani kuna watoto wadogo wanaozurura kila mahali, au kama wewe ni mtu wa kusafiri kila wiki, msaidie kwa fedha akae kwa mtu mwingine.

Kumchukua bila kujitafutia kesi

Mbwa ana mwenyewe hata akiwa amebaki mifupa. Ukimtoa kwa kuruka uzio, umechukua mali ya mtu, na kesho utapelekwa polisi pamoja na huyo mbwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, lakini haikupi wewe raia ruhusa ya kubeba mnyama wa jirani.

Anza kwa mazungumzo. “Shikamoo mzee. Naona huyu mbwa amepungua, na najua chakula kimepanda bei. Kama amekuwa mzigo, naomba unikabidhi nikamtibu.” Maneno hayo hufungua geti. Ukianza na “unatesa mnyama”, linafungwa, na mbwa anahamishiwa shamba ambako hutamwona tena. Mzee akikubali, andikeni karatasi siku hiyohiyo: maelezo ya mbwa, tarehe, kwamba amekabidhiwa moja kwa moja na hatadaiwa, sahihi zenu wawili, na sahihi ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Kwa Kibosho au Machame, mtafute mwenyekiti wa kitongoji. Mwenye nyumba akiwa mbali, ujumbe wake wa simu utunze. Ruhusa ya mlinzi peke yake haitoshi, kwa sababu mbwa si wake.

Akikataa kabisa, peleka picha zenye tarehe kwa afisa mifugo wa kata. Yeye ndiye wa kugonga geti hilo.

Kabla hujaondoka, uliza: amewahi kumuma mtu? Alichanjwa lini, na kadi iko wapi? Anakula nini? Nani hasa humpa chakula? Swali la mwisho muulize dada wa kazi au kijana wa bustani, si bosi. Mara nyingi mbwa ana mtu mmoja tu anayemwamini, na mtu huyo akikusaidia kumpandisha garini, umeokoa nusu ya vurugu. Usimfunge mdomo kwa kamba safari nzima. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na akizuiwa kuhema kwenye gari la joto anaweza kufa kabla hamjafika.

Siku ya kwanza: mizani, ufizi na joto

Mpitishe kwa daktari wa mifugo kabla hujamfikisha nyumbani, hasa kama una mbwa wengine. Muombe apime damu kwa ajili ya magonjwa ya kupe na aangalie kinyesi kwa minyoo.

Uzito ndio msingi wa kila dozi na kila mlo, kwa hiyo usikisie. Mizani ya magunia kwenye duka la nafaka inafaa sana: tandaza kiroba, msimamishe juu yake, soma. Ya nyumbani nayo inafaa ukimbeba kisha ukatoa uzito wako. Rudia kila wiki, siku ileile, kabla hajala.

Bonyeza ufizi kwa kidole kisha uachie. Rangi ya waridi inatakiwa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi mweupe ni upungufu wa damu, na kwa huku wa kushukiwa kwanza ni kupe na minyoo. Ufizi wa njano ni hatari ya siku hiyohiyo. Joto la kawaida, likipimwa kwa njia ya haja kubwa, ni nyuzi 38 hadi 39.2. Wengi huvuta ngozi ya mabegani kuangalia kama amekaukiwa maji, lakini kwa mbwa aliyekonda kipimo hicho hudanganya: hana mafuta chini ya ngozi, kwa hiyo ngozi itabaki imesimama hata kama maji yanamtosha. Gusa ufizi badala yake. Ukinata kama gundi, maji hayatoshi.

Kukisia umri kwa rangi ya meno nako kuna mtego. Maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na mbwa aliyekulia huko anaweza kuwa na meno ya kahawia akiwa bado kijana. Angalia jinsi meno yalivyolika, achana na rangi.

Mwisho, pitisha vidole shingoni chini ya manyoya. Waya au mkanda aliofungwa akiwa mtoto huweza kuzama ndani ya nyama usionekane kabisa. Harufu ndiyo inayousema. Usiuvute mwenyewe. Unatolewa kwa dawa ya usingizi.

Chakula: hapa ndipo huruma inapoua

Mbwa aliyekaa na njaa kwa wiki nyingi akipewa sufuria la ugali siku ya kwanza, anaweza kufa siku ya tatu akiwa na tumbo lililojaa. Mwili wenye njaa huishi kwa kula mafuta na misuli yake, huku akiba ya madini, hasa fosforasi, potasiamu na magnesi, ikizidi kupungua. Wanga mwingi ukiingia ghafla, homoni ya insulini hupanda na kuyasukuma madini yaliyobaki kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Damu ikiishiwa, misuli hulegea, moyo huyumba, chembe nyekundu hupasuka. Dalili hutokea zaidi kati ya siku ya pili na ya tano: udhaifu unaozidi badala ya kupungua, kutetemeka, kuhema haraka, mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa, degedege. Ukiona mojawapo, ni kwa daktari, hata kama ni usiku.

Ndiyo maana siku za mwanzo ni protini na mafuta kwa vipimo vidogo, na ugali unasubiri. Hesabu ya nishati ya kuanzia ni hii: uzito alionao leo mara 30, ongeza 70. Kwa kilo 28 unapata kalori 910 kwa siku. Hicho ndicho kiwango kamili cha mwili uliopumzika, na hukifikii mpaka siku ya nane:

Siku ya 1 na 2, robo ya kiwango: mayai 2 ya kuchemsha na gramu 35 za nyama ya kusaga iliyochemshwa. Gawa mara sita, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku.

Siku ya 3 na 4, nusu: mayai 3, nyama gramu 100. Gawa mara tano.

Siku ya 5 hadi 7, robo tatu: mayai 3, nyama gramu 150, wali mlaini gramu 70. Gawa mara nne.

Siku ya 8 hadi 10, kiwango kamili: mayai 3, nyama gramu 200, wali gramu 150. Gawa mara nne.

Siku ya kwanza kila mlo unatoshea kiganjani. Atakutazama kama umemdhulumu, na dada wa kazi atasema huyu mnyama bado ana njaa. Kweli anayo. Ndiyo sababu ya kumweleza kila mtu wa nyumba hiyo, akiwemo mlinzi wa usiku, kwamba hakuna kutupa mabaki ya chakula dirishani. Akiharisha, rudi hatua moja kwa siku mbili. Maziwa usimpe; wengi wao hayawakai tumboni. Maji yawepo muda wote, ila akiyafakamia na kutapika, mpe vikombe viwili kila nusu saa mpaka atulie.

Baada ya siku ya kumi ongeza kidogokidogo, takribani sehemu moja ya kumi kila siku tatu, mpaka ufike kalori 1,800 hivi. Kwa bei ya nyama ya bucha, hapo mfuko utalia, kwa hiyo hamia kwenye sufuria la nyumbani. Kwa siku moja: unga wa mahindi gramu 300, dagaa wakavu gramu 120, mayai 2, mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula, na mchicha konzi moja. Dagaa waoshe maji matatu kuondoa mchanga na chumvi, kisha watwange. Ukiwaacha wazima atawachambua na kuuacha ugali. Faida yao si protini tu: wanaliwa na mifupa, na mifupa ndiyo yenye kalsiamu na fosforasi. Ukiona anaongeza kati ya nusu kilo na kilo moja na nusu kwa wiki, uko sawa. Mbavu zikishapatikana kwa kupapasa lakini hazionekani kwa macho, amefika, punguza.

Gawa chakula mara mbili au tatu kwa siku maisha yake yote. Mbwa wa kifua kirefu anayepewa sufuria moja kubwa jioni yuko kwenye hatari zaidi ya tumbo kujaa gesi na kujisokota. Anajaribu kutapika na hakitoki kitu, ubavu unavimba kama ngoma, hatulii. Hiyo ni dharura ya saa chache tu. Hakuna dawa ya nyumbani. Asikimbizwe saa nzima kabla na baada ya kula.

Kuhusu unga: usikubali “pumba za mbwa” zilizoota ukungu. Sumukuvu huharibu ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowaua upesi. Mahindi yasiyofaa kwa binadamu hayamfai na yeye. Utumbo, mapafu na maini ya machinjioni chemsha mpaka yaive kabisa, kwa sababu mapafu na maini mabichi ya ng'ombe na kondoo huweza kubeba malengelenge ya tegu ambaye mbwa humwambukiza binadamu kupitia kinyesi, na binadamu akaota uvimbe wa maji kwenye ini. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake. Kwa Moshi ongeza kwenye orodha hiyo ya sumu maganda ya kahawa yaliyorundikwa shambani na machicha ya mbege. La kwanza lina kafeini, la pili lina pombe, na mbwa mwenye njaa hachagui. Kokwa la parachichi nalo likimezwa huziba utumbo. Okota chini ya mti kila asubuhi.

Kupe, upele na oili chafu

Kupe wanaoonekana watoe kwa kibano, ukishika karibu na ngozi na kuvuta moja kwa moja. Mafuta ya taa na kiberiti viache. Dawa ya kumeza au ya kudondoshea mgongoni, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ni ghali kuliko ile ya josho, lakini ile ya josho ndiyo tunayokuomba usiiguse. Mbwa aliyekonda mwenye vidonda hufyonza dawa hiyo kwa wingi kupitia ngozi, akalegea, mapigo ya moyo yakashuka, mwili ukapoa. Mwezi Juni au Julai, kwenye baridi ya Ngaramtoni, haamki.

Kipimo cha damu kikionyesha homa ya kupe, mojawapo ya matibabu ya kawaida ni vidonge vya doksisaiklini kwa siku 28. Mbwa huchangamka siku ya tatu au ya nne, na hapo ndipo watu huacha vidonge. Ugonjwa unarudi baada ya miezi kwa njia ya damu puani. Kidonge kipewe pamoja na chakula, kwa kuwa tumboni patupu kinamtapisha, na maji yafuate ili kisikwame kooni.

Upele unaokula manyoya masikioni, viwikoni na tumboni usiupake oili chafu ya gari. Inaziba ngozi, inaunguza, na anailamba ikaenda kwenye ini na figo. Aina moja ya upele huo huhamia kwa watu na kuwasha, kwa hiyo vaa glavu mpaka daktari amesema ni upi. Sindano ya ivermektini ya ng'ombe kutoka duka la dawa za mifugo ni kamari nyingine. Mililita moja imepimwa kwa kilo 50 za ng'ombe, kosa dogo la bomba ni dozi mara kadhaa, na baadhi ya mbwa, hasa jamii ya Collie na wachache wa German Shepherd, wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo.

Kuoga kusubiri siku tano hadi saba, saa za jua, kwa maji vuguvugu. Vidonda safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Dawa ya minyoo daktari atapanga siku. Kwa mbwa aliyebaki mifupa na anayeharisha, siku ya kwanza si yake.

Mbwa aliyetoka maeneo yenye mbung'o, na jicho lake limeingia ukungu wa bluu, mwambie daktari atafute kwenye damu vimelea vya ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao. Wengi hulitibu jicho peke yake wakampoteza mbwa.

Kichaa cha mbwa

Bila kadi, mchukulie kama hajachanjwa. Achanjwe mara tu daktari anapoona mwili unahimili, na kabla ya hapo ashughulikiwe na watu wawili tu wazima. Kumbuka chanjo haiondoi kirusi ambacho tayari kimeingia: dalili huweza kuchukua wiki hadi miezi kujitokeza. Mbwa anayebadilika tabia ghafla, anayeshindwa kumeza, anayetokwa mate, ambaye sauti yake imebadilika au taya limelegea, usimfungue mdomo kutafuta mfupa. Mfungie, na mwite daktari wa mifugo.

Akimuma mtu, au mate yake yakigusa kidonda: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo, iwe Mount Meru, Mawenzi au KCMC, kwa ajili ya chanjo. Mbwa asiuawe haraka. Afungiwe na aangaliwe siku kumi. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, mate yake siku ile hayakuwa na kirusi.

Mahali pa kulala

Usimtoe banda moja kumwingiza banda jingine. Chumba cha stoo chenye mlango wa kufungwa nusu, au kona ya uwanja yenye paa na uzio wa mita 1.8, vinatosha. Kitanda ni mbao za pallet zilizoinuliwa sentimita kumi, juu yake viroba vilivyojazwa maranda. Saruji tupu ndiyo iliyomchubua viwiko, na itamrudishia. Masika ikianza, maranda yabadilishwe kila wiki, la sivyo ukungu unarudi mahali pa upele.

Kumfundisha kwamba mkono haupigi

Kuna kanuni ya watu wa mbwa: siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Siku tatu za kutetemeka au kulala tu, wiki tatu za kuanza kujua ratiba, miezi mitatu kabla hujamwona alivyo kweli. Matokeo yake ni kwamba “ametulia sana huyu” ya wiki ya kwanza haina maana yoyote. Mbwa mgonjwa na mwenye hofu hutulia. Tabia halisi huja na kilo.

Siku tatu za kwanza usimguse zaidi ya matibabu. Ingia na chakula, kaa chini ukimpa ubavu, usimkazie macho, mtupie kipande cha nyama, toka. Rudia mara sita kwa siku. Milo midogo ya wiki ya kwanza imekupa nafasi hizo bure. Akikusogelea mwenyewe, mguse kifuani au begani. Mkono unaopita juu ya kichwa ndio uliokuwa unashika fimbo.

Jifunze anavyosema “basi” kabla hajasema kwa meno: kulamba pua bila chakula, kupiga miayo, kugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, kisha mwili kukaza kama ubao. Kukaza huko ndiyo dalili ya kukutia wewe hofu. Na akinguruma, rudi nyuma, usimpige. Anayepigwa kwa kunguruma huacha kunguruma na kubaki na kuuma.

Sufuria lina somo lake. Mbwa aliyekaa na njaa atalilinda, na mtu wa kumwonyesha ubabe kwa kutia mkono ndani atapoteza kidole na kumharibia mbwa jina. Wiki ya kwanza ya somo hili, pita mita tatu kutoka anapokula na umtupie kitu kitamu kuliko kilichomo sufuriani, kipande cha ini kwa mfano, bila kusimama. Akiinua kichwa kwa furaha unapokaribia, punguza umbali kwa nusu mita. Akikaza mwili, rudi ulikotoka. Inachukua wiki tatu hadi sita mpaka usimame karibu yake. Watoto hawahusiki na zoezi hili, kamwe.

Chagua maneno manne, yaleyale kwa kila mtu wa nyumba: njoo, kaa, acha, twende. Mmoja akisema “njoo” na mwingine “kuja hapa wewe”, mbwa hana kosa. Mzoeze kifunika mdomo cha kikapu kwa kuweka nyama ndani yake na kumwachia atie pua mwenyewe, siku kumi kabla ya kukifunga. Atakihitaji kwa daktari na barabarani.

Nje ya geti asitoke wiki mbili za kwanza. Anza saa kumi na mbili asubuhi kabla bodaboda hazijajaa, kwa kamba ya mita mbili na mkanda wa kifuani, dakika tano tu, mara tatu kwa siku. Ongeza dakika tano kila wiki, juu ya udongo na nyasi. Misuli ya nyuma iliyosinyaa bandani haiwezi kuanza na mteremko wa Kibosho. Halafu mwonyeshe kuku, mbuzi na punda kutoka mbali, akiwa na kamba, ukimlipa nyama kila anapogeuka kukutazama wewe. Usilipuuze hili. Kuku mmoja wa jirani unalipa fidia. Wa tatu, mbwa anawekewa sumu. Na kuna majirani ambao mate ya mbwa yakigusa nguo yao wanalazimika kujitwaharisha kabla ya swala. Shika kamba fupi mkipishana, toa salamu, pita upande wa pili.

Kuhasi

Asitoke mikononi mwako akiwa anaweza kuzaa. Dume kubwa lisilohasiwa huombwa kwa ajili ya mbegu, na jike huishia kuwa kiwanda cha watoto wa kuuza. Subiri mpaka amefikia karibu na uzito wake na homa ya kupe imethibitishwa kuwa imekwisha: ugonjwa huo hupunguza chembe zinazogandisha damu, na upasuaji mdogo hugeuka kuvuja kusikokoma. Kabla ya hapo daktari akague sehemu za siri. Uvimbe unaofanana na koliflawa na kudondosha damu ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Hutibika vizuri kwa sindano za kila wiki, kwa kawaida nne hadi sita.

Kumpa mtu

Simu nyingi zitauliza jambo moja: “Ni mkali?” Mtu huyo anatafuta kengele yenye meno, na banda la mita mbili kwa mbili ameshalijenga. Usimkatalie papo hapo, mwelimishe: mbwa mkubwa anayelala barazani na kuwajua watu wa nyumba hubweka kwa sababu ana cha kulinda, aliyefungiwa humbwekea kila mtu, mpaka mwenye nyumba anaacha kusikiliza. Wengine huelewa. Asiyeelewa, muage kwa heshima.

Usitangaze “bure”. Dai angalau gharama ya chanjo na kuhasi, kwa sababu anayeshindwa hiyo hatamudu dagaa wa mwezi wa pili. Kisha nenda ukaone nyumba kabla mbwa hajaenda. Pima uzio, tikisa geti, angalia mahali atakapokuwa saa nane mchana. Na omba kuongea na atakayemlisha. Bosi atakuambia anapenda sana wanyama. Dada wa kazi atakuambia kama anawaogopa. Kama anaogopa, mkutano wa kwanza uwe kwako, yeye akiwa ndiye anayetupa nyama, mara tatu au nne kwa siku tofauti. Dada asipomzoea mbwa baada ya hapo, nyumba hiyo haifai, hata bosi awe mwema namna gani.

Mweleze mchukuaji kila kitu, hasa kibaya: analinda sufuria, anaogopa fimbo ya ufagio, hapatani na madume. Ukificha atarudi, akiwa na jeraha la mtu. Mbwa aliyemuma mtu vibaya bila onyo, zaidi ya mara moja, na ambaye daktari hakumwona na maumivu wala ugonjwa, hapelekwi kwenye nyumba ya watu. Mbwa huyo, daktari amlaze milele kwa sindano, ukiwepo, na si kumpeleka kwa mtu wa mbali asiyejua historia yake.

Karatasi ya makabidhiano iseme: majaribio ya wiki mbili, akishindikana anarudi kwako, hagawiwi, hafungiwi bandani mchana kutwa wala minyororo ya kudumu, chanjo ya kichaa irudiwe kwa tarehe iliyo kwenye kadi. Mpe akiwa na kiroba chake cha kulalia bila kukifua, chakula cha siku saba cha alichozoea, na ratiba iliyoandikwa kwa mkono ibandikwe jikoni. Kama ni Arusha kwenda Moshi, ni kilomita 80 hivi. Safirini alfajiri, asiwe amekula, asipande nyuma ya pikapu. Wiki tatu za kwanza haachiwi uwanjani bila mtu, maana mbwa aliyehamishwa huruka uzio kurudi alikotoka.

Tembelea siku ya tatu, wiki ya pili na mwezi wa tatu. Ziara ya mwezi wa tatu iwe ya mchana, bila taarifa ya mapema, na usimuulize mtu chochote mpaka umeangalia mambo matatu. Kucha: zikiwa ndefu, hatembezwi. Viwiko: vikiwa vimechubuka upya, analala kwenye saruji. Sufuria: likiwa na ugali mkavu wa jana, basi yule aliyekuwa anamlisha ameshaondoka, na hapo ndipo pa kuuliza ni nani amepokea kazi yake. Asipokuwepo, fungua mlango wa gari. Karatasi unayo.